Nyie mnaouza ma-SUV ya kifahari yaliyochoka, mnauza gari au mnahamisha deni?

Wakuu heshima yenu, leo naandika na hasira zangu mnivumilie, na anayeona uzi ni mrefu apite tu asinijazie seva.

Kuna huu mchezo wa madalali sasa umezidi. Wanachukua yale ma-V8 makubwa ya kifahari, siti za ngozi, sanrufu, springi za upepo (mipira iliyojazwa upepo inayobeba gari badala ya springi za chuma), limeshakula kilomita laki mbili na ushee, wanalitangaza kwa bei ya kagari kadogo ka mjini alafu chini wanaandika "kazi ni kuwasha na kuondoka". Bei ya kununulia imeshuka sawa, ila bei ya spea haijashuka hata senti, spea bado ni ya lile gari lilivyokuwa jipya showroom! Hiyo ndo sehemu dalali anairuka kila siku, na aliyeliuza anajua vizuri kabisa anachokikimbia.

Langu chapa yake sitaitaja. Kila nikienda kuliona kabla sijanunua nalikuta linaunguruma, dalali ananiambia "nilikuwa nalipasha moto kidogo bosi". Kumbe injini ikiwaka kompresa, yani pampu ya upepo, inasukuma upepo kwenye hizo springi, gari linasimama wima kama askari wa gwaride, huwezi kujua kitu. Likilala usiku limezimwa asubuhi kona ya mbele kushoto iko chini, fenda imefunika tairi, zile kona nyingine ziko juu vilevile, yani gari limepinda kabisa. Ukiwasha linaanza kujinyanyua polepole, kompresa inalia huko chini weee mpaka unaona aibu kwa majirani, alafu taa ya njano hiyo kwenye dashibodi.

Na hapa mafundi nao niwaseme. Ule mpira wa springi ya upepo unazeeka, unafanya vinyufa pale kwenye mikunjo, upepo unavuja kidogo kidogo, kompresa inapiga kazi bila kupumzika kufidia mpaka inaungua. Sasa fundi anakuja, anaona kompresa imekufa, anakuuzia kompresa. Mpira hajaugusa!! Kompresa mpya nayo inakufa kifo kilekile, na hela ya ufundi kashakula. Wakati kujua panapovuja ni maji ya sabuni tu kwenye chupa ya kupulizia, unapulizia kwenye mikunjo na maungio ya paipu gari likiwa limenyanyuka, povu lenyewe linakuonyesha. Hamna kompyuta hapo. Nimekuja kuona mapovu yanachemka kwenye mkunjo kwa macho yangu baada ya kubadilishiwa kompresa, nilitamani kulia.

Alafu kuna wale wa "toa upepo weka springi za chuma umalize mambo". Sawa, inawezekana na watu wanafanya, ila kompyuta ya gari bado inautafuta ule upepo, usipoizima vizuri taa haitoki, na ule ulaini uliofanya ulitake gari lenyewe ndo basi tena. Tena ukikuta gari la mtumba limeshawekwa za chuma jua mwenzio alishapigana hiyo vita akasalimu amri. Inauma kwa sababu haya magari hayakuanza hivi, Range Rover ya kwanza ya 1970 ilikuwa ya springi za koili na ndani plastiki tupu, umetoka shamba na matope unamwagia maji unaendelea na maisha. Upepo wa kielektroniki walikuja kuuweka 1992, na leo kwenye haya makubwa ya kifahari kampuni karibu zote zina huo mfumo.

Gia boksi sasa. Nikauliza oili ya gia imebadilishwa lini, najibiwa kwa kujiamini "hizi haibadilishwi bosi, ni ya maisha". Maisha ya nani?? ZF wenyewe, wanaotengeneza zile gia boksi za otomatiki zilizojaa kwenye magari ya aina hii, wanasema ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000, au miaka 8. Kwa hiyo gari la laki mbili halijawahi kuguswa limepitiliza zamani, linaanza kupiga teke likibadilisha gia unaambiwa "ndo tabia yake". Tabia!

Kuhusu taa za dashibodi ndo kabisa. Wanachomeka mashine ya kusoma makosa ya gari wanafuta yote kabla hujafika, dashibodi safi, unaendesha ukizunguka hapo karibu hamna kitu, taa zinarudi ukiwa umeshalipa. Kitu ambacho hawasemi ni kwamba ukifuta makosa kompyuta inafuta pia vipimo vyake yenyewe, vya katalisti (kifaa cha kusafisha moshi), vya sensa za oksijeni na vingine, na inaonyesha havijakamilika mpaka gari litembee vya kutosha. Kwa hiyo ukichomeka mashine ya kawaida ukakuta makosa sifuri ila vipimo vingi havijakamilika, limefutwa juzi juzi, au betri ilichomolewa. Vyote viwili muulize dalali kwa nini, umwangalie usoni.

Kilomita nazo msiziamini za kwenye dashibodi peke yake, magari mengi ya hivi yanahifadhi namba kwenye kompyuta zaidi ya moja, anayerudisha nyuma mara nyingi anagusa moja. Na mpira wa pedeli ya breki ukiwa umelika mpaka chuma kinachungulia huku gari linasema limetembea kidogo, hapo hata mashine huhitaji.

Sijagusa bado maji ya sanrufu. Vile vitundu vya kutolea maji vikiziba maji yanashuka kwenye kapeti, na chini ya kapeti ndo wamelaza waya na vikompyuta, gari linaanza kufungua vioo lenyewe usiku. Na kuna V8 za Kijerumani cheni ya taimingi, ile inayopatanisha mwendo wa vyuma ndani ya injini, iko nyuma upande wa gia boksi, kuifikia injini inashushwa nzima. Hayo muulize muuzaji utasikia "mbona unauliza maswali mengi, unanunua au hununui?"

Dalali wangu saivi simu hapokei, ila status anapost kila siku.

Na wewe unayekuja kuandika "mbona la kwangu halisumbui", weka mwaka wa gari, weka kilomita, sema oili ya gia boksi umebadilisha lini na asubuhi unalikuta limesimama kona zote nne au tatu. Ndo tuanze kubishana.