Tupeane uzoefu: ahadi ndogo ya kila siku, ilishika au ilikuponyoka?

Fundi wa Section 58, Nakuru
Jana nikipanga vyombo nimeangukia daftari langu la 2021. Ukurasa wa kwanza: kuamka saa kumi, kukimbia, kusoma kurasa 20, kutafakari dakika 30, kuacha sukari. Ukurasa wa pili mtupu. Niliumia. Mwaka huu nimebakisha moja tu. Kabla sijashika randa nafumba macho, nahesabu pumzi moja hadi kumi, narudi moja. Nikipotelea kwenye saba, narudi moja. Dakika tano. Leo siku ya 40. Nyinyi je?

Nyar Dunga
Mimi pia 30 zilinishinda, tano zikashika. Nakaa ufuoni alfajiri nikingoja mashua za samaki.

Mwalimu, Bungoma
Siku 21 inakuwa tabia. Usikose hata moja.

Muuguzi, Kakamega
Mwalimu, hiyo 21 ilienezwa na kitabu cha Maxwell Maltz, daktari Mmarekani wa kurekebisha sura, mwaka 1960. Aliona wagonjwa wake wakihitaji kama siku 21 kuzoea sura mpya. Mtafiti Phillippa Lally na wenzake kule London walifuatilia watu 96 wakijenga tabia mpya: wastani ulikuwa siku 66, wengine 18, wengine makadirio yakafika 254. Na kukosa siku moja hakukuvuruga kitu.

Mwalimu, Bungoma
Ukimwambia mtu kukosa ni sawa, atakosa kila siku. Nimelea watoto wa watu, najua.

Muuguzi, Kakamega
Na ukimwambia 21, siku ya 22 ikimlemea anajiita mzembe na kuacha kabisa. Nimewaona.

Boda, Kondele
Wacha niseme yangu. Nilikuwa nabeti kila usiku. Chama chetu cha stendi kikanipa zamu yangu, 18,000, karo ya binti yangu wa kidato cha pili. Ilikuwa usiku wa kuamkia kufungua shule. Nikaegesha pikipiki karibu na Kibuye, nikasema naweka 2,000 tu zizae. Zikaliwa. Nikafuata kuzirudisha. Saa tano usiku nilikuwa na 300.

Nyumbani nikakuta sanduku lake mlangoni, godoro limefungwa kamba. Nililala na viatu. Asubuhi akaniuliza, "Baba, twende?" Sikuwa na jibu. Alikaa nyumbani wiki mbili, na kila siku alikuwa akipiga pasi sare.

Mzee mmoja wa stendi akaniambia: usiape kuacha maisha yako yote, apa dakika kumi. Hamu ikipanda, fungia simu chini ya kiti cha pikipiki, kaa, itazame hamu yenyewe. Inashika kifuani, mikono inawasha, halafu inashuka. Ya kwanza nilitetemeka. Siku hizi kila jioni nakaa hivyo, kisha natia 50 kwenye kopo. Nimeteleza mara mbili. Nikarudi kwa dakika kumi.

Nyar Dunga
Pole sana ndugu yangu. Hilo godoro limeniliza.

Muuguzi, Kakamega
Mzee wenu ana hekima. Alan Marlatt, mwanasaikolojia wa Marekani, aliwafundisha hivyohivyo watu wa pombe na sigara: hamu ni wimbi, usipigane nalo, lipande hadi livunjike.

Mama Watatu, Lanet
Simu mpe mama watoto saa kumi na mbili jioni. Yamekwisha.

Mwalimu, Bungoma
Mtagombana usiku huohuo. Abaki nayo, ajifunze.

Dada wa Nyalenda
Lakini kufumba macho kuhesabu pumzi si imani za watu wengine? Sisi tunaomba.

Mwenyeji, Mumias
Dada, baada ya alfajiri sisi hubaki msikitini na tasbihi: subhanallah 33, alhamdulillahi 33, Allahu akbar 34. Ukimaliza, pumzi yenyewe imetulia. Kila mtu akae na Mola wake, lakini akae.

Dada wa Nyalenda
Sawa. Nitaanza na zaburi moja, polepole, kabla ya kuwasha jiko.

Fundi wa Section 58, Nakuru
Boda, kopo limefika ngapi?

Boda, Kondele
1,340. Jana mvua ilinyesha mchana kutwa, abiria wakawa wachache. Nimetia 20.