Survivor, Big Brother au The Traitors: nilipie kipi mwezi huu?

MkaziUmoja
Wadau, habari za jioni. Mimi na mke wangu tumetenga shilingi 1,500 kwa mwezi za burudani, na tumekubaliana tulipie kitu kimoja tu. Tunapenda vile vipindi vya watu kuwekwa pamoja na kutoana kwa kura hadi abaki mshindi, wale waliokula sahani moja Jumatatu, Ijumaa hawasalimiani. Tumebaki na majina matatu: Survivor, Big Brother na The Traitors. Kipi kina urafiki na uadui wa kweli? Nataka kulipa kabla ya wikendi.

NjeriKasarani
Karibu, lakini umetuachia kazi. Mna waifai ama mnategemea bando? TV yenu inaingia intaneti, ama ni ya king'amuzi? Na mnataka kitu kinachoendelea sasa hivi, ama misimu ya zamani mtazame mfululizo? Bila hayo tutakuwa tunakupigia ramli.

KijanaPipeline
Na hiyo 1,500 ni pamoja na intaneti ama intaneti iko kando?

MzeeWaIsiolo
Akijibu asijibu, jibu ni Survivor. Na aanze na msimu wa tatu, Survivor: Africa, kwa sababu ulirekodiwa hapa kwetu, mbuga ya Shaba, mwaka 2001. Watu 16, siku 39, makundi mawili yaliyopewa majina Boran na Samburu, wanalala ndani ya boma la miiba kwa ajili ya simba. Wengi hapa Nairobi hawajui kwamba kipindi kikubwa namna hiyo kilifanyika Isiolo, na huwa inaniuma.

Sasa sikilizeni. Katikati ya mchezo, makundi yakiwa yameshaungana, kuna jamaa anaitwa Lex. Siku moja kura zinasomwa, jina lake linatokea mara moja. Alikuwa hatarajii. Akakosa usingizi, akawa anazunguka kuuliza mmoja mmoja, mwishowe akashikilia kwamba ni Kelly, dada waliyekuwa naye Boran tangu mwanzo. Haikuwa Kelly. Aliyeandika jina lake ni Teresa wa upande wa Samburu. Lakini Lex alishaamua, na Kelly akatolewa kwa kosa la mtu mwingine. Ukitazama unataka kuingia kwenye TV umwambie.

Aliyeshinda dola milioni 1 ni Ethan Zohn, mcheza kandanda, mtu aliyepatana na karibu kila mmoja. Baadaye alikuwa miongoni mwa walioanzisha Grassroot Soccer, shirika linalowafundisha vijana kuhusu VVU kupitia mpira.

DadaHalima_SouthC
Mzee wangu, shikamoo. Umesimulia vizuri, lakini malizia habari ya Lex. Mwaka 2004 alirudi kwenye msimu wa All-Stars, kule Panama. Rafiki yake Rob alikuwa kundi jingine, akamwomba amlindie Amber naye atamlipa fadhila. Lex akamtoa mtu mwingine, akambakisha Amber. Makundi yalipoungana, Rob akampigia Lex huyohuyo kura ya kumtoa. Urafiki wao ulikuwa wa nje ya mchezo, si wa kamera tu. Amber akachukua milioni, na Rob akamchumbia kwenye fainali.

Pamoja na hayo, mimi ningemshauri ndugu alipie The Traitors ya Uingereza, msimu wa pili. Pale wachezaji wachache ni wasaliti wa siri, wengine wanajaribu kuwatambua na kuwatoa, na msaliti akifika mwisho anachukua pesa. Harry alikuwa msaliti, na Mollie alimpenda kama ndugu. Mwisho wamebaki watatu: Harry, Mollie na Jaz. Jaz ameshamtambua Harry na anasema wazi. Uamuzi uko mikononi mwa Mollie, na Mollie anamwamini rafiki yake, anapiga kura Jaz atoke. Harry akaondoka na pesa zote, pauni 95,150. Uso wa Mollie alipoambiwa ukweli, wallahi nililia.

NjeriKasarani
Halima, hiyo ilikuwa ngumu. Lakini mnalinganisha vitu bila kutazama kura inapigwa na nani, na hapo ndipo urafiki wa hivi vipindi unapotofautiana.

Survivor wanaotoana ni wachezaji wenyewe, halafu baadhi ya hao waliotolewa wanarudi kuwa baraza la kuamua nani apewe pesa. Kwa hiyo unamgeuka mtu leo, kesho unamwomba kura yake. Ndiyo maana usaliti wa pale una adabu fulani, watu wanaagana vizuri. The Traitors hakuna baraza. Ukishamtoa mtu ameenda, humdai wala hakudai, na uongo unaweza kufika mwisho kabisa. Big Brother ile ya Afrika, watu walikaa nyumba moja yenye kamera mchana na usiku; wao walitaja majina ya wa kutoka tu, watazamaji ndio walioamua. Pale urafiki unamwangalia mtu wa nyumbani kwenye sofa: ukimtendea mwenzako ubaya mbele ya kamera, bara zima limekuona.

Mimi napenda huo wa tatu. Mtu hawezi kujificha mchana na usiku.

MzeeWaIsiolo
Mtu anaweza kuigiza mchana na usiku pia, Njeri. Waliingia wakijua wanatazamwa.

NjeriKasarani
Wiki ya kwanza, ndiyo. Baadaye anachoka, anasahau kamera, na hapo ndipo unamjua.

KijanaPipeline
Kabla hamjafika mbali, niseme jambo kuhusu kulipia, maana naona mtu ataingia shimo nililoingia mimi.

Tulikuwa marafiki wanne tangu shule. Tukaamua kulipia huduma moja ya intaneti kwa pamoja, kila mtu anatoa robo, paswadi anashika mmoja wetu kwa sababu ndiye alikuwa na kadi ya benki. Mwanzo ilikuwa raha. Tulikuwa na kikundi cha WhatsApp, kila kipindi kikiisha tunachambua nani kamgeuka nani, hadi saa nane usiku. Kisha mwenye paswadi akampa binamu yake. Binamu akampa mpenzi wake. Hatukuambiwa. Tulianza kuona orodha ya vipindi vya kupika ambavyo hakuna hata mmoja wetu anatazama. Nikauliza kwenye kikundi, kwa upole kabisa, akasema labda ni hitilafu.

Usiku wa fainali nimealika watu nyumbani, sebule imejaa, nimenunua njugu na soda. Nafungua, naambiwa vifaa vinavyotazama vimezidi idadi. Najaribu tena, vilevile. Napiga simu kwa mwenye akaunti, hapokei. Wageni wakaanza kusoma matokeo kwenye simu zao, mmoja akataja mshindi kwa sauti. Kesho yake nikamuuliza jamaa mbele ya wengine. Badala ya kuomba msamaha akabadilisha paswadi, akatutoa sote watatu, na mwezi ule tulikuwa tumeshamlipa. Wawili wakamfuata yeye wakamrudia polepole, mimi nikabaki nje. Kikundi kikafa. Leo tukikutana steji ya Donholm ananisalimia kwa kichwa tu.

Kwa hiyo MkaziUmoja, chochote utakachochagua, kiwe kwa jina lako na simu yako. Usichange na mtu.

DadaHalima_SouthC
Pole sana kaka. Na hao wawili hawakukutetea?

KijanaPipeline
Hawakusema neno. Hilo ndilo liliniuma kuliko pesa.

OtienoWaHuruma
Mimi nauliza, kwa nini mnalipia ya Wazungu? Tusker Project Fame, lile shindano letu la kuimba la Afrika Mashariki, mmesahau? Ilianza 2006, Valerie Kimani akashinda, na Jumapili mtaa wote unanyamaza kumsikiliza jaji Ian Mbugua akiwachambua wale vijana. Wakenya, Waganda, Watanzania, baadaye Warwanda na Warundi ndani ya nyumba moja. 2009 Alpha Rwirangira wa Rwanda alishinda na hapa Huruma tulishangilia. Ushindani ulikuwepo, lakini mtu akitolewa wenzake walilia machozi ya kweli.

MzeeWaIsiolo
Otieno umenikumbusha mbali. Lakini ile ilikuwa ya kuimba, si ya kutoana.

OtienoWaHuruma
Walitoana pia. Kulikuwa na siku wenzako wanaamua wamwokoe nani kati ya walio hatarini. Ungeona mtu anamwacha rafiki yake wa chumba.

NjeriKasarani
Ukitaka ya Afrika, basi Big Brother Africa. Tanzania walishinda mara mbili, Richard 2007 na Idris Sultan 2014, huyo wa pili akabeba dola 300,000. Sisi Kenya hata mara moja. Na msiseme ni wingi wa watu, kila nchi ilihesabiwa kura moja.

OtienoWaHuruma
Tatizo letu tulikuwa tunampigia kura Mtanzania tukiona anachekesha kuliko wetu. Na sioni ubaya wowote, Idris alistahili.

MkaziUmoja
Samahani wadau, stima ilipotea. Najibu: hatuna waifai, ni bando la simu. TV ni ya zamani, ile nene, ina king'amuzi. Hiyo 1,500 ni kila kitu. Na jambo jingine, mama mkwe anakuja kukaa nasi hadi Desemba, Kiingereza hakimwingii sana na yeye ndiye mwenye rimoti akiwa hapa.

NjeriKasarani
Ungesema hayo mwanzo! Kwa bando la simu The Traitors na Survivor zitakula pesa yote kabla ya kufika katikati ya msimu. Shikilia king'amuzi, uliza kifurushi kipi kina vipindi hivi kabla hujalipa.

DadaHalima_SouthC
Mimi bado nasema The Traitors. Mama hatahitaji Kiingereza, nyuso zinatosha. Mtafsirie usiku ule wa mwisho tu.

MzeeWaIsiolo
Mama akiona Shaba atatambua miti. Survivor.

MkaziUmoja
Mke wangu amesoma hapa, sasa anataka Project Fame. Otieno, zile za zamani zinapatikana wapi?