Naomba ushauri: mwenye nyumba anataka kukata amana kwa ajili ya rangi

Habari wakuu. Nahama mwisho wa mwezi huu, na notisi nimeshatoa kwa maandishi kama mkataba unavyotaka. Sasa mwenye nyumba anasema amana hairudi yote, atakata hela ya kupaka rangi upya vyumba vyote. Ukutani hakuna tundu wala michoro. Rangi imefifia tu upande wa dirishani jua linapopiga, na kitasa cha mlango wa bafu kimelegea kwa kutumika. Ninavyoelewa, uchakavu wa kawaida ni juu yake, mimi nalipa nilichoharibu. Au mkataba ukiandika "nyumba irudishwe kama ilivyokabidhiwa" ndiyo basi tena? Picha za siku niliyoingia ninazo kwenye simu, na risiti za kodi zote zipo.

Jingine ni huko ninakohamia. Kodi yenyewe naiweza, kinachonitisha ni vinavyoifuata: dalali, amana, ulinzi, taka, na umeme wa mita moja kwa wapangaji wote (mwenye friji na mwenye taa moja wanachanga sawa, halafu watu washangae ugomvi unatoka wapi). Mkataba unasema kodi "inaweza kubadilika wakati wowote". Nataka kipengele hicho kifutwe kabla sijasaini, au angalau waweke muda wa notisi.

Mliowahi kudai amana, mliipataje bila kufikishana mahakamani? Na picha za simu zinatosha kama ushahidi?