Kifurushi cha SCORM kimehama, uamuzi wa kumwelekeza mwanafunzi umebaki nyuma

Swali
Ndugu wanajukwaa, ninasimamia masomo ya hisabati mtandaoni katika chuo cha ualimu. Mfumo wetu wa zamani humchagulia mwanafunzi zoezi kulingana na kosa lake: anayejumlisha 1/2 na 1/3 akapata 2/5, yaani amejumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili, hurudishwa kwanza kwenye mazoezi ya kutafuta asili moja. Tumehamishia masomo hayo Moodle, jukwaa la kufundishia mtandaoni, kwa SCORM 1.2, utaratibu wa kufungasha masomo ili yafunguke katika mifumo tofauti; picha na maswali vimefika salama, lakini sasa wanafunzi wote wanapitishwa njia moja. Tumekosea wapi?

Jibu la 1
Hamjakosea, Mwalimu. Fungua faili la imsmanifest.xml lililomo ndani ya kifurushi, utaona orodha ya vipengele na mafaili yake tu, kwa kuwa uamuzi kuhusu ile 2/5 ulikuwa ukifanywa na mfumo wenyewe. Kanuni za mfuatano, yaani za kuamua mwanafunzi aende wapi baada ya kila hatua, zilikuja na SCORM 2004, toleo la baadaye ambalo Moodle hailitekelezi kikamilifu, hivyo msijisumbue kufungasha upya.

Jibu la 2
Mimi ningeuacha mfumo wa zamani pale ulipo na kuuunganisha na Moodle kwa LTI, utaratibu wa kuunganisha zana ya nje na jukwaa la masomo: mwanafunzi anaingia kupitia Moodle, anafanyia mazoezi kule, na alama zinarudi. Mkataba wa mfumo ule ukiisha, bila shaka, mtakuwa mmerudi mlipoanzia.

Jibu la 3
Sisi tulihama kabisa. Maswali tuliyaweka katika muundo wa QTI, ambao ni wa kubadilishana maswali kati ya mifumo, na kumbukumbu tukazipeleka kwa xAPI, utaratibu wa kurekodi shughuli za kujifunza, ambao huandika nani amefanya nini juu ya kitu gani. Kilichotutesa ni maana: mfumo mmoja ulihesabu kuwa mwanafunzi ameiva akipata majibu matatu mfululizo, wa pili ulikadiria uwezekano kwamba anaijua mada, na namba hizo hazibadilishani. Hatimaye tuliacha kuhamisha viwango vya umahiri, tukahamisha majibu yenyewe kama yalivyoandikwa, kila swali likiwa na utambulisho wa stadi inayopimwa, kisha mfumo mpya ukakokotoa wenyewe.

Muuliza swali
Ahsanteni. Nimekwenda kuzitazama kumbukumbu zetu za mwaka jana: kila mstari una jina la swali, tarehe, na neno "amekosa". Ile 2/5 haikuhifadhiwa popote, kwa hiyo kwa wanafunzi wa zamani naona hatuna cha kuhamisha. Tutaanza na wanaoingia muhula huu.