Mjadala: Askari mgeni akitunukiwa nishani ya ushujaa, apewe na uraia palepale?

MTOA HOJA
Wakuu, nianze na Johnson Beharry. Alizaliwa Grenada 1979, akahamia Uingereza 1999, akaingia jeshini 2001. Mei 1, 2004, mjini Al Amarah, Iraki, alikuwa dereva wa gari la deraya aina ya Warrior. Wakaviziwa kwa roketi za RPG, kamanda wake akajeruhiwa, periskopu ya dereva, yaani kioo cha kuonea nje, ikavunjika. Ili aione barabara akaendesha na kifuniko kikiwa wazi, kichwa nje, takriban mita 1,500. Risasi moja ilipenya kofia yake ya chuma ikakwama ndani. Alipofika salama, akawatoa majeruhi garini. Juni 11 roketi nyingine ikalipuka karibu na kichwa chake, na bado aliliondoa gari kinyumenyume kabla hajazimia. Mwaka 2005 Malkia Elizabeth akamvisha Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa Uingereza.

Mtu wa aina hii akiwa bado si raia, serikali inamdai fomu za nini? Siku ya nishani iwe siku ya uraia, na ada isiwepo.

MCHANGIAJI WA PILI
Napinga, mkuu, na si kwa kumdharau Beharry. Nishani haitegemei ushujaa peke yake. Lazima awepo aliyeona, akabaki hai, akatoa ushahidi, na karatasi ipande ngazi kwa ngazi bila kupotea. Mtazame Alfred Rascon, mzaliwa wa Meksiko, tabibu wa kikosi cha Marekani huko Vietnam. Machi 16, 1966 aliwakinga majeruhi kwa mwili wake dhidi ya risasi na mabomu ya mkono. Pendekezo la Medal of Honor, nishani ya juu kabisa ya ushujaa Marekani, likapotelea njiani, akaambulia Silver Star, nishani ya chini yake. Nishani kubwa aliipata 2000, miaka 34 baadaye! Ukifunga uraia kwenye nishani, umeufunga kwenye bahati ya mafaili.

Na hata ukiwa nayo, ofisi ya viza haiisomi. Tul Bahadur Pun, Gurkha, yaani askari wa Nepal katika jeshi la Uingereza, alipata Victoria Cross kwa vita vya Mogaung, Burma, Juni 1944. Alipoomba kuhamia Uingereza akiwa na zaidi ya miaka 80, alikataliwa kwamba hakuonyesha uhusiano wa kutosha na nchi hiyo. Uamuzi uligeuzwa 2007 baada ya kelele za umma. Kilichowafaa Magurkha wengi ni kanuni ya 2009: miaka 4 ya utumishi, unaruhusiwa kuishi Uingereza. Haikuuliza nani shujaa. Hicho ndicho kipimo ninachokitaka.

MCHANGIAJI WA TATU
Mnabishania nishani wakati mkwamo uko kwenye tarehe. Askari wa Jumuiya ya Madola akiwa kazini Uingereza habanwi na sheria za uhamiaji. Pasipoti yake hugongwa muhuri wa msamaha. Siku anayoachishwa jeshi, msamaha unakufa, na ana siku 28 tu za kuondoka au kuomba ukaazi, yaani ruhusa ya kuishi nchini moja kwa moja. Anayeamka siku ya 29 hana haki ya kufanya kazi wala kupanga nyumba. Dawa ni kuomba mapema, kabla hajavua magwanda.

Ukaazi nao si uraia. Hesabu ya uraia ni miaka 5, na ilitakiwa siku ya kwanza ya miaka hiyo uwe ndani ya Uingereza. Sasa aliyekuwa Afghanistan siku hiyo? Alikwama kwa sababu alitumwa vitani na nchi ileile! Sheria ya 2014 ndiyo iliyoruhusu kasoro hiyo isamehewe.

MCHANGIAJI WA NNE
Ufaransa walikwisha kata shauri hili 1999. Mgeni aliyejeruhiwa katika operesheni ya jeshi anaweza kupewa uraia kwa dekrii, yaani amri rasmi ya serikali, waziri wa ulinzi akipendekeza, na mwenyewe akiomba. Akifa, njia hiyo inabaki wazi kwa watoto wake wadogo wanaotimiza sharti la makazi. Wanauita uraia wa damu iliyomwagika. Jeraha lina cheti cha daktari. Ushujaa una wabishi.

Marekani wakati wa vita ombi halina ada, lakini ni ombi: fomu N-400 ya kuomba uraia pamoja na N-426 ya kuthibitisha utumishi. Wapo waliodhani kiapo cha jeshi kimekwisha wafanya raia, hawakujaza kitu, baadaye wakapatikana na hatia ya kosa la jinai na kufukuzwa nchini.

MTOA HOJA
Hoja ya Rascon imenishinda, nalegeza: kipimo kiwe utumishi au jeraha. Ila kwenye ada sirudi nyuma. Aprili 2022 Uingereza ilifuta ada ya ukaazi kwa askari aliyetimiza miaka 6, au aliyeondolewa kwa maradhi au majeraha ya kazini. Mke na watoto hawakuguswa na msamaha huo. Kila mmoja pauni 2,389 mwaka huo. Kwa mke na watoto wawili ni pauni 7,167. Anayetetea hilo aje na sababu.