Kina mama tupeane uzoefu: uliwahi kuyaacha majukumu ya nyumbani ukajipa siku yako mwenyewe?

mama_wa_Tegeta:
Habari zenu wapendwa. Nina jambo limenikaa moyoni na sijui pa kulisemea. Wanangu nawapenda, mume wangu hana tatizo, mama mkwe tunaishi naye vizuri. Ila kuna siku natamani kuondoka. Si kudai talaka, wala sina mwanaume mwingine. Natamani tu niende mahali nifunge mlango, nilale mpaka usingizi uishe wenyewe, nisukwe nywele bila kupigiwa simu ya "unarudi saa ngapi". Kabati langu limejaa sare za harusi za watu. Nguo niliyojinunulia kwa sababu nimeipenda siioni. Hela ikipatikana inakwenda kwenye ada, gesi na michango.

Waliowahi kufanya naomba waseme ukweli: uliaga vipi, watoto ulimwachia nani, pesa ulitoa wapi, na uliporudi ulikuta hali gani? Wenye matusi wapite kando, wenzenu tumechoka.

MamaPacha:
Nipo hapa dada. Nilijifungua mapacha, kazini wakanipa zile siku 100 za kisheria kwa aliyezaa zaidi ya mmoja. Baba yao akapata siku 3, akarudi kazini, na tangu hapo mimi sikuwahi kukaa peke yangu, hata chooni walinifuata. Walipokua kidogo nikaanza kutupia chenji ya sokoni kwenye kibubu. Treni ya SGR ilipoanza 2024 nikaona upenyo: Dar mpaka Morogoro nauli 13,000, unakwenda asubuhi unarudi jioni, njiani hata saa mbili hazifiki. Mume nilimwambia mapema, tena wazi, kwamba siendi kwa mtu, siendi msibani, siendi kikaoni. Alinyamaza, halafu akaniuliza kama nina hela ya kula.

Morogoro sikutembelea chochote. Nilikaa mgahawani kwenye kivuli naitazama milima ya Uluguru, nikaagiza kuku nusu na ndizi. Kwangu mapaja ni ya watoto, firigisi ya baba, mimi nabaki na shingo na mgongo. Siku ile nilikula paja, nikala na kidari, taratibu, na pilipili pembeni. Machozi yakanitoka pale mezani, mhudumu akadhani nimefiwa.

Mwana_wa_Mzee:
Samahanini, mimi naona haya ni mambo mliyoyaiga nje. Mama zetu walizaa wanane, tisa, na hawakuomba likizo.

Bibi wa Masasi:
Mwanangu, hao mama zenu ndio sisi. Mimi nimezaa wanane na nakujibu kwa upendo. Tulipumzika, ila ninyi wanaume hamkuona. Kisimani tulikuwa tunakwenda kundi zima, tunakaa, tunasukana, tunacheka mpaka jua linatua. Baada ya mavuno zikija ngoma za unyago, mwanamke anaondoka siku kadhaa anakesha kwa wenzake, anaimba, anacheza, anakula nyama, na hakuna wa kumuuliza kwa sababu ni mila. Watoto wanabaki kwa bibi, kwa shangazi, kwa jirani, na jirani akikuta mwanao ana njaa anampa ugali, hakupigii simu. Binti yangu yuko Dar, ana geti na dada wa kazi mmoja, na huyo dada akiondoka nyumba nzima inamwangukia yeye. Anafanya peke yake kazi tuliyoifanya wanawake sita. Msimpime kwa kipimo chetu.

Mwana_wa_Mzee:
Nimekuelewa mama. Shikamoo.

Bibi wa Masasi:
Marahaba baba.

karafuu_na_asmini:
Asante bibi, umenikumbusha arubaini. Sisi Unguja mwanamke akijifungua anakandwa maji ya moto, anapikiwa uji wa pilipili manga, anafukizwa, hashiki sufuria. Arubaini ikitoka, basi, hakuna tena wa kukukanda mpaka uzae mwengine. Mimi na wenzangu wa mtaani tulilikataa hilo. Tunakutana kwa zamu nyumba hii na hii, siku ambayo mwenye nyumba hana wageni. Mmoja analeta asmini na mawaridi, mwengine langilangi, tunatwanga singo ya kusugulia mwili na liwa, ule mti wa kunukia, tunalainisha kwa marashi, tunasingana mgongo mmoja baada ya mwengine. Hina, udi, kahawa na kashata. Watoto wako uani na wakubwa wao. Gharama ni ndogo kwa sababu kila mtu anakuja na chake. Nikirudi nyumbani ninanukia, na sina neno na mtu.

BabaK:
Naruhusiwa? Mimi niligundua kwa mke wangu. Jioni moja nilirudi mapema, watoto wanaangalia katuni, yeye haonekani. Nilimkuta bafuni, amekaa kwenye ndoo iliyofunikwa, bomba analiacha litiririke. Nilimuuliza unaumwa? Akasema hapana, maji yakilia watoto wanajua naoga, hawaniiti. Lile jibu lilinikaa vibaya sana. Tukakubaliana Jumamosi ni yake mpaka magharibi. Sijui anakwenda wapi siku zote na siulizi, na amani imeongezeka.

MamaPacha:
Baba K, hiyo Jumamosi unapika au unanunua chipsi?

BabaK:
Napika. Wali na maharage, mchicha nachambua usiku wa Ijumaa. Na vyombo naosha kabla hajarudi, maana akikuta karo limejaa, mapumziko yote yanakuwa yameishia mlangoni.

sato_wa_Nyegezi:
Nimesoma kimyakimya, sasa ngoja niseme. Mwanangu wa kwanza ana mtindio wa ubongo. Hawezi kukaa bila kuegemezwa, na hatafuni. Kumlisha bakuli moja la uji mzito kunachukua karibu saa nzima: unamkalisha wima, kichwa kinainama mbele kidogo, kijiko kidogo, unasubiri ameze, unafuta, unaendelea. Ukimlisha amelala anapaliwa, chakula kinapita njia ya hewa, mnaishia wodini na nimonia. Kwa hiyo watu waliponiambia "niachie tu, nenda" nilishukuru na kubaki palepale. Ningemwachia nani?

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo kliniki ndiye aliyeniambia nitafute mtu mmoja, nimfundishe mpaka awe kama mimi. Nikamwita mdogo wangu. Akawa anakuja Jumapili. Mwanzo alitazama tu. Baadaye akawa anashika kichwa, mimi nashika kijiko. Kisha tukabadilishana. Alikuwa anatetemeka, na mwanangu akawa anakataa, anafunga mdomo, ananitafuta kwa macho. Hatukukata tamaa. Siku alipomaliza bakuli zima mkononi mwa mama yake mdogo, mimi nimesimama mlangoni, nilijua naweza kutoka.

Nilikwenda ufukweni ziwani. Nikaagiza sato wa kukaanga, mzima, nikamla kwa mikono. Halafu nikapitia saluni nikaoshwa miguu na kupakwa rangi nyekundu, ambayo sikuwahi kupaka tangu nizae. Simu ilikuwa mkononi muda wote. Haikuita. Mwanangu sikumchoka hata siku moja, ila mgongo huu unaombeba ni wa binadamu. Wenye watoto kama wangu, anzeni kumfundisha mtu leo, msisubiri muugue.

mama_wa_Tegeta:
Dada wa Nyegezi, Mungu akutunze. Nimeisoma mara mbili.

Akinyi_wa_Likoni:
Wakenya tupo. Chama chetu cha kuchangiana pesa, kila mtu akifikiwa na zamu tulikuwa tunamnunulia vyombo. Tumejaza masufuria hadi hakuna pa kuweka. Mwaka uliopita tukasema pesa za zamu moja ziende ufuoni Diani. Wenzetu wawili walishuka na SGR kutoka Nairobi, tukavuka feri pamoja, tukapanda matatu hadi Ukunda. Tulilala usiku mmoja. Mtu mzima mwenye wajukuu aliingia baharini na leso yake, yaani khanga, akakataa kutoka. Mume wangu alinuna siku mbili. Sikumbembeleza, nikamwambia mwaka huu tunaenda tena, na nikamuonyesha tarehe kwenye kalenda.

mzazi_mpya:
Mimi bado nanyonyesha, mtoto ana miezi saba. Nasubiri mpaka aache?

nesi_wa_zamu:
Usisubiri mdogo wangu. Osha mikono, kamua maziwa kwenye chombo safi chenye mfuniko. Kwenye joto la kawaida yanakaa kwa muda usiozidi saa nne, kwenye friji hadi siku 4. Kwa joto la Dar usiyaache mezani, weka friji moja kwa moja. Wakati wa kumpa, chombo kiwekwe kwenye maji ya uvuguvugu, usiyachemshe. Anyweshwe kwa kikombe. Kwa miezi saba anakula na uji, kwa hiyo pengo si kubwa. Wewe huko uliko kamua kidogo matiti yakijaa, yasije yakakuuma ukaharibu siku yako. Wiki moja kabla, atakayebaki naye ajaribu kumnywesha wewe ukiwepo nyumbani. Akikubali, nenda.