Mangi, sokoni, au kuchanga gunia na majirani: ipi inaokoa hela kweli?

MamaNasra_Kimara
Wakuu, habari za jioni. Tuko wapangaji sita kwenye ua mmoja hapa Kimara. Kila jioni nikikaa kibarazani naona watoto wa vyumba vyote wanapishana kwenda kwa Mangi, mwenye duka la mtaani: huyu robo ya mafuta, yule nusu ya sukari, mwingine nyanya za mia tano. Mwezi uliopita nikaamua kuandika kwenye daftari kila shilingi inayotoka.

Sisi tuko watano, mchele unakwenda kilo kwa siku. Kwa Mangi nanunua 3,000. Shemeji yangu anachukua sokoni Tandale kwa gunia, kilo inamfika 2,500. Mafuta napimiwa robo lita kwa 1,700, kwa hiyo lita ni 6,800, na ndoo ya lita 20 nimeulizia nikaambiwa 110,000. Kwa mwezi tunatumia lita 5 hivi. Pigeni hesabu: kwa vitu hivyo viwili tu naacha dukani 21,500 kila mwezi. Hiyo inakaribia gesi ya mtungi mdogo!

Ua sasa umegawanyika. Kuna wanaosema kila mtu aende sokoni kivyake Jumamosi. Mama wa chumba namba nne anataka tuchange, tununue gunia na ndoo, tugawane. Baba mmoja anasema tusijisumbue, Mangi yuko hatua kumi. Mliopita njia hizi, nipeni uzoefu.

Dereva_Kirikuu
Mama Nasra, mimi nabeba mizigo ya watu kutoka Tandale na Mabibo, nikuambie ninachokiona. Mtu anakwenda kivyake, ananunua mchele kilo kumi na sado mbili za vitunguu, anaokoa kama 6,000. Halafu jua kali, mzigo mzito, anaita boda ya 5,000. Bado hujahesabu nauli ya kwenda na soda aliyokunywa pale. Huyo amefanya matembezi. Kwenda kivyako kunalipa kama unapita pale kila siku ukitoka kazini, basi.

Kuchanga kunalipa, ila jifunzeni vipimo kwanza. Gunia la viazi lisiwadanganye kwa bei. Lumbesa, yaani gunia la kujazwa kupita kiasi, imepigwa marufuku, mzigo haupaswi kuzidi kilo 100, lakini bado utakutana na gunia lenye kichwa kama kofia, na jirani yake gunia jembamba la bei hiyo hiyo. Ulizeni lina debe ngapi au liwekwe kwenye mizani. Na hiyo mizani iwe na stika ya Wakala wa Vipimo ya mwaka huu.

Sado nazo ziangalieni chini. Sado ni kopo la lita 4, tano zinajaza debe la lita 20. Kuna wauzaji wameibonyeza kitako ikaingia ndani, juu unaona kilele kinavutia, chini hamna kitu. Ingiza mkono kabla hajamimina, hakuna atakayekasirika isipokuwa mwenye sado mbovu.

Nimechoka_Kuchangishwa
Sisi tulichanga, Mbagala, wapangaji wanane. Miezi miwili ya kwanza raha tupu, mpaka tukapiga picha na gunia. Mwezi wa tatu wawili wakasema "niwekeeni tu, mshahara ukitoka nalipa." Aliyeshika hela akawawekea. Mchele ukaliwa, mshahara ukatoka, hela haikuja. Mpaka leo wanawake wawili hawasalimiani na bomba la maji ni moja.

Halafu kuna jambo hamlisemi. Nilipokuwa napimiwa mafuta ya robo, nilikuwa nakaanga kwa adabu. Dumu lilipoingia ndani mkono ukawa mwepesi. Chapati zikawa kila siku, mandazi hata Jumanne. Lita 5 za mwezi ziliisha siku ya kumi na tisa. Bei ya lita imeshuka, matumizi yamepanda, okoa ipi hapo?

MangiWaKona
Nimesoma kimya nikaona nijitokeze, maana nasemwa nikiwepo 😀

Jamani, na mimi nanunua huko huko Tandale. Hiyo 500 mnayoiona juu ya kilo ndani yake kuna usafiri, kodi ya fremu, umeme wa friji, mchele unaomwagika, panya, na mfuko wa kukufungia. Na kuna kitu gunia halifanyi: tarehe 22 mtoto anaumwa, mfukoni huna hata mia, nani anakupa sukari na unga kwa daftari? Ukurasa wa Mama fulani hapa kwangu una mistari kumi na saba, na simdai riba.

Ila nitawapa siri moja bure. Kwangu mwenye kuchukua kilo tano kwa mpigo nampunguzia, na karibu kila muuza duka atakubali ukimwambia vizuri. Watu wananunua kilo moja mara tano kwa wiki kwa bei ya kilo moja, hawaulizi. Semeni na Mangi wenu kabla hamjamkimbia.

Mkulima_Ilula
Mbona mnalinganisha maduka tu na msimu hamuugusi? Niko Iringa, nalima nyanya. Masika mvua zikikaza, nyanya zinaoza shambani, tenga linapanda hata mara tatu, hapo uende sokoni au kwa Mangi utalia tu. Kiangazi zikifurika tunazitupa. Nyanya msichange kamwe. Tenga likifunguliwa, za juu nzuri, za katikati ndogo, za chini zimepondeka, na hapo ndipo ugomvi wa kugawana unaanzia. Fungu la jioni, muuzaji anataka kwenda nyumbani, ndiyo bei ya nyanya.

Cha kuchanga ni kikavu. Mahindi na maharage nunueni baada ya mavuno, Juni mpaka Agosti, huku Nyanda za Juu ndiyo wakati mzigo unashuka. Maharage yawekeni kwenye mfuko wa PICS, ule wenye plastiki mbili kwa ndani. Ukiufunga vizuri mdudu anakosa hewa anakufa, hakuna dawa ya kuweka. Mahindi sageni dona, mkikoboa sembe mnaiachia mashine pumba na kilo zenu.

Kayole_Mtaa
Hapa Nairobi kipimo chetu ni gorogoro, lakini ujanja ni ule ule. Kwa ploti yetu tuko sita, tunaleta mchele wa Mwea gunia la kilo 50. Tatizo la deni tulilimaliza hivi: hakuna mtu anashika pesa. Kila mtu anatuma kwa simu asubuhi ya kununua, mbele ya kikundi, na asiyetuma hesabu yake haiingii kwa gunia. Hakuna "niwekee." Mwanzo walinuna, sasa wamezoea. Mboga kila mtu anajipangia.

Dereva_Kirikuu
Huyo wa Kayole amemaliza. Nyongeza tu: mkigawana msitumie bakuli la mtu. Bakuli la mtu lina macho 😂

Nimechoka_Kuchangishwa
Tungekuwa na utaratibu wa kutuma asubuhi nisingekuwa na jina hili.

Samaki_Feri
Samaki hamjawataja. Wa Kimara mna basi la mwendokasi mpaka Kivukoni, ukishuka soko la samaki la Feri hilo hapo. Watu watatu mkichangia ndoo ya mnada asubuhi, mkawapa vijana wa pale waparue, mnatoka na kitoweo cha wiki kama kuna friji. Ila fungeni vizuri, ukiingia na maji ya samaki kwenye basi utajuta.

MamaNasra_Kimara
Asanteni sana. Nimewasomea uani jana usiku, hata yule baba alicheka kwenye bakuli lenye macho.

Tumekubaliana vyumba vinne kati ya sita. Mchele na mafuta tu, mahindi tutayaangalia Julai. Hela inatumwa asubuhi ya Jumamosi kabla ya saa mbili, asiyetuma tunamruka. Mafuta nitagawa kwenye chupa za lita moja moja, dumu lisiingie jikoni kwa mtu, maana mkono mwepesi na mimi ninao. Nyanya na vitunguu kila mtu na fungu lake la jioni. Mizani nimeazima kwa muuza kuku wa barabarani, amesema nikiichelewesha hatatuuzia tena utumbo.

Mangi wetu nilimpitia pia kumuuliza bei ya kilo tano. Amepunguza 200 kwa kilo, halafu akaniuliza kama kuna mtu amenifundisha.

MangiWaKona
Kiberiti na chumvi bado ni vyangu lakini.